Tutengeneze au Tubadilishe? Historia Fupi ya Gari Kuukuu

Ndugu msomaji, mwezi uliopita fundi alinikalisha juu ya tairi kuukuu kando ya gereji yake, akanieleza hali ya pikapu yangu kwa sauti ambayo daktari huitumia mbele ya ndugu wa mgonjwa. Injini inakula oili. Silinda hedi imepasuka. Pampu ya dizeli haina budi kufunguliwa. Akanitajia gharama, kisha akanyamaza, akingoja nitamke neno moja kati ya mawili: tengeneza, au achana nayo.

Niliondoka bila kutamka lolote. Pikapu hiyo imekuwa nami kwa miaka 19. Imebeba matofali ya nyumba ninayoishi, na imebeba jeneza la marehemu baba yangu hadi kijijini. Usiku ule nilichukua karatasi nikapiga hesabu: upande mmoja gharama ya matengenezo, upande wa pili bei ya gari jingine. Lakini kwa kuwa kazi yangu ni kufundisha historia, hesabu ile haikunitosha. Nilijiuliza ilianza lini, na kama ni kweli kwamba mwenye gari ndiye aamuaye.

Hoja yangu katika makala haya ni kwamba, mara nyingi, uamuzi wa kutengeneza au kubadilisha huwa umekwisha kufanywa kabla mwenye gari hajaketi juu ya tairi lile. Umefanywa na kiwanda, na hazina ya fedha za kigeni, na sheria ya ushuru. Mwenye gari hutia sahihi tu.

Tuanzie kiwandani. Gari la Model T la Henry Ford liliundwa nchini Marekani kuanzia 1908 hadi 1927, na zaidi ya milioni 15 yaliuzwa. Liliundwa ili mkulima aliyekaa mbali na mji aweze kulifungua na kulifunga kwa zana chache. Umbo lake halikubadilika sana mwaka hata mwaka, hivyo kifaa cha gari la zamani kiliweza kuliokoa jingine. Katika mawazo ya Ford, gari lilikuwa kama jembe: hulibadilishi mpaka likuishie mkononi.

Mpinzani wake, kampuni ya General Motors chini ya Alfred Sloan, aliiona hatari iliyomo katika jembe lisilokwisha. Wote wakishakuwa nalo, utamuuzia nani? Katika miaka ya 1920 kampuni hiyo ikaanza kubadilisha sura za magari yake kila mwaka, ikawauzia watu kwa mkopo, na mwaka 1927 ikaanzisha idara maalumu ya usanifu wa maumbo na rangi chini ya Harley Earl. Mwaka huohuo Ford aliacha kuunda Model T. Hapo ndipo gari lilipoanza kuzeeka kabla ya kuchakaa. Wahenga walikwisha kuufahamu udhaifu huu wa binadamu waliposema kipya kinyemi, kingawa kidonda; kilichokuwa kigeni ni kuugeuza udhaifu huo kuwa mpango wa biashara.

Sasa turudi nyumbani, ambako swali lilikuja kwa sura nyingine kabisa. Tanzania ya mwishoni mwa miaka ya 1970 ilipigwa mapigo mfululizo. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda mno tangu 1973, ikapanda tena 1979. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977, na mpaka na Kenya ukafungwa hadi 1983. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilimeza fedha za kigeni ambazo zingeagiza vipuri. Watu wa rika langu wanakumbuka marufuku ya magari binafsi kutembea Jumapili alasiri, ili mafuta yadumu.

Katika hali hiyo, neno badilisha lilitoweka katika msamiati wa watu wa kawaida. Gari lililoharibika lilitengenezwa, au lilipandishwa juu ya mawe likangoja. Mafundi walikata gasketi kwa mkasi, walichonga bushi kwenye mashine za kerezo, waliyachinja magari mawili ili la tatu lipate kutembea, na waliipandisha injini ya kampuni moja ndani ya bodi ya kampuni nyingine. Msemo wa spana mkononi, ambao leo tunautumia kulikejeli gari linalosumbua, una chembe ya heshima ndani yake: dereva wa zama zile hakuweza kusafiri bila kuwa nusu fundi. Mwanahistoria Joshua Grace, katika kitabu chake African Motors kilichotoka 2021, anazitazama gereji za Tanzania kama mahali pa maarifa na ubunifu, si pa kuiga na kubahatisha. Naafikiana naye.

Hata hivyo, tusiipambe dhiki kwa maua. Pamba na mazao mengine yalikwama vijijini kwa kukosa malori. Abiria walipanda magari yenye breki za kubahatisha. Wagonjwa walibebwa kwa machela na baiskeli ilhali gari la zahanati liko juu ya mawe kwa kukosa kifaa kimoja kidogo. Kutengeneza kwa sababu huna njia nyingine hakulingani na kutengeneza kwa hiari. Ni ustadi, naam, lakini ni ustadi wa mfungwa. Wacuba wanaufahamu vyema: baada ya vikwazo vya Marekani vya 1962, magari ya Kimarekani ya miaka ya 1950 yaliendelea kutembea Havana kwa miongo mingi, na watalii wakayapiga picha kwa furaha ambayo wenye magari hawakuwa nayo.

Mlango ulifunguliwa kwetu 1984, serikali iliporuhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni bila kuulizwa walikozipata. Mwaka uliofuata Rais Mwinyi aliingia madarakani, na 1986 yakaja makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa. Magari yakaanza kuteremka bandarini, na kadiri miaka ilivyosonga, mengi yalikuwa yametumika Japani.

Kwa nini Japani? Sababu moja iko wazi: Wajapani, kama sisi, huendesha upande wa kushoto wa barabara. Sababu ya pili haitajwi sana. Nchini Japani kila gari hupitia ukaguzi mkali wa kisheria uitwao shaken. Gari jipya la binafsi hukaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2. Na hadi mabadiliko ya 1995, gari lililovuka miaka 10 lilitakiwa kukaguliwa kila mwaka. Ada, kodi na matengenezo yanayoambatana na ukaguzi huo ni mzigo, hivyo mtu wa Nagoya huona afadhali auze gari zima kuliko kulipitisha tena. Tazama basi mnyororo huu: mtu wa Nagoya anapoamua kubadilisha, mtu wa Dodoma hupata la kununua. Gari tunaloliita jipya ni gari ambalo mtu mwingine, chini ya sheria nyingine, alikataa kulitengeneza. Na injini zilizong'olewa huko hufika kwetu zikiwa peke yake, zikauzwa Gerezani jijini Dar es Salaam, Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi na soko la Kisekka jijini Kampala.

Serikali zetu nazo ziliingia katika hesabu hii. Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari lililozidi miaka 8. Uganda ilipiga marufuku 2018 uingizaji wa magari yaliyofikisha miaka 15. Tanzania haikufunga mlango, bali inalitoza gari kuukuu ushuru wa ziada kwa kigezo cha umri. Malengo ni ya haki: hewa safi, usalama barabarani, na kukataa kugeuzwa jalala la wengine. Siyapingi. Ninachopinga ni kuamini kwamba mwaka wa kuzaliwa unatosha kueleza afya. Gari la miaka 12 lililomwagwa oili kwa wakati ni salama kuliko la miaka 6 lililotelekezwa. Wajapani, ambao magari yao tunayanunua, hawakuuliza tu limezaliwa lini. Walilala chini yake wakalikagua. Sisi tumechukua magari yao, tukauacha ukaguzi wao.

Mahali ambapo sheria inapendelea kubadilisha tu, maarifa hupotea. Mwaka 2009 serikali ya Marekani ilitenga dola bilioni 3 kuwalipa watu waache magari makuukuu na kununua yanayotumia mafuta kidogo. Magari karibu 700,000 yaliondolewa. Ili yasirudi barabarani, injini zake zilimiminiwa kemikali ya sodiamu silikati, zikawashwa hadi zikakwama. Yalikuwamo mabovu, bila shaka. Lakini zilikuwamo pia injini ambazo fundi yeyote wa Gerezani angezililia.

Mapambano ya leo yamehamia kwenye kompyuta. Gari la sasa lina siri ambazo spana haizifikii: hitilafu husomwa kwa mashine, na mashine huhitaji programu ya kiwanda. Mwaka 2012 wapiga kura wa jimbo la Massachusetts waliidhinisha sheria ya kuwalazimisha watengenezaji wa magari wawape mafundi huru taarifa hizo. Wao wameona kwamba anayeifunga taarifa ameifunga gereji. Sisi, ambao tunategemea mafundi wa chini ya mwembe kuliko wao, bado tunajadili umri wa gari na hatujaanza kujadili haki ya fundi kulifahamu. Kijana anayejifunza leo kwa kushika taa ya bosi wake atafanya kazi gani baada ya miaka 20, iwapo kila gari litamjibu kwa lugha aliyonyimwa?

Nilirudi gereji baada ya wiki moja. Nilikuwa nimegundua kosa la karatasi yangu: nililinganisha gharama ya matengenezo na bei ya pikapu sokoni. Hicho si kipimo. Kipimo ni hiki: kwa fedha hizo nitapata miaka mingapi ya safari salama, na gari jingine litanidai nini katika miaka hiyohiyo, kwa ushuru, kwa bima na kwa maradhi yake lenyewe, maana gari la mtumba nalo huja na siri zake. Kwa kipimo hicho pikapu ilikuwa inashinda. Nikamwambia fundi atengeneze.

Akatikisa kichwa. "Mwalimu, njoo uone kitu." Tukalala chini ya gari, yeye na mimi, na mvi zangu hizi. Akagonga chesisi kwa nyundo karibu na ekseli ya nyuma. Sauti haikuwa ya chuma. Nyundo ilizama, kutu ikatumwagikia usoni. Miaka mingi ya upepo wa chumvi wa pwani ilikuwa imeila kwa ndani.

"Injini nitakufufulia," akasema. "Hii naweza kuichomelea, ikakubeba hata mwaka. Lakini siwezi kukuapia kwamba haitakatika ukiwa na watoto nyuma. Fedha yako naitaka, ila si hii."

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia siku ile ya kwanza. Akanijibu kwamba siku ile alikuwa hajalala chini yake.

Nimeiuza pikapu kwake. Gia boksi tayari iko ndani ya gari la mchuuzi wa samaki, na milango miwili imekwenda Bagamoyo. Sasa natafuta gari jingine, na nimemwomba fundi huyohuyo anisindikize, kwa malipo, alale chini ya kila nitakalolitazama kabla sijatoa hata senti.

Ndugu msomaji, usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini wahenga hawakusema nani atakuonyesha ufa ulioko usipoweza kuuona. Taifa linaloandika sheria kuhusu umri wa magari bila kumfikiria mtu huyo, mafunzo yake, vifaa vyake na haki yake ya kupata taarifa, limeanza hesabu yake mwishoni. Je, wewe fundi wako ni nani, na nani anamfundisha atakayemrithi?