Kopo la Mafuta Linalovuja: Lizibe Kabla Halijafika Kisimani

Hapa Lamu ni nadra kukosa fundi ndani ya nyumba. Huyu ana randa na misumeno, yule ana mashine ya boti aliyoifungua tangu msimu wa kusi na hajaifunga. Karakana yangu mimi ni chumba cha chini, na ndani yake mna makopo matano ya mafuta. Moja lilikuwa likivuja. Kila asubuhi nililipangusa kwa tambara nikaendelea na kazi yangu.

Siku moja bibi jirani aliniita: "Mwanangu, njoo utizame ndoo hii." Juu ya maji palikuwa na utando unaong'aa rangi rangi. Kisima kile twakitumia nyumba tatu, na kipo hatua chache kutoka mlangoni pangu. Tulikaa miezi miwili tukinunua maji ya kubebwa na punda. Hakuna aliyenitukana, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Haya nayaandika ili yasikufike.

Kwa nini tone dogo ni jambo kubwa

Nyumba zetu za mawe zimejengwa kwa matumbawe na chokaa. Jiwe la matumbawe lina vitundu, hunywa mafuta kama sifongo. Unaloliona sakafuni ni doa tu. Mengine yameshashuka kwenye mchanga, na chini ya mchanga ndiko kwenye maji.

Kwa nini kopo huvuja

Sababu ya kwanza ni joto. Kopo likipigwa na jua, hewa iliyomo hutanuka na kuyasukuma mafuta yatoke mdomoni. Ndiyo maana kopo lililobaki nusu huvuja kuliko lililojaa: lina hewa nyingi zaidi. Hilo halina tundu. Liweke kivulini, na ukimaliza kazi legeza kifuniko kidogo hewa ipumue.

Ya pili ni pete ya kifuniko, ya ngozi au ya mpira, iliyokauka au kupasuka. Mpira huharibika upesi ukiguswa na petroli, basi kopo la mafuta matupu usilitie mchanganyiko wa mashine ya boti.

Ya tatu ni kutu. Hewa yetu ina chumvi, na bati huanza kuliwa kwenye mshono wa chini, mahali usipopaona.

Jinsi ya kulitafuta tundu

Lipanguse kopo mpaka likauke kabisa. Lipake unga wa chaki kwenye mishono yote na shingoni, kisha lisimamishe juu ya karatasi usiku kucha, kivulini. Asubuhi chaki itakuwa imelowa pale penye tundu. Ikiwa chaki ni kavu na kopo huvuja mchana tu, basi tatizo ni joto.

Jinsi ya kuliziba

Pete ya kifuniko ni rahisi: kata nyingine kwenye ngozi ya kiatu kikuukuu, iloweke kwenye mafuta siku nzima ilainike, kisha ifunge. Nyuzi za shingo zikiwa zimelika, zungusha ule utepe mweupe wa mafundi wa bomba.

Mshono wa bati huzibwa kwa lehemu. Mwaga mafuta yote, osha kwa maji moto na sabuni mara tatu, kausha, sugua kwa msasa mpaka bati ling'ae, paka dawa ya lehemu, kisha tumia chuma kilichopashwa moto makaani. Usitumie mwali. Na kopo lililowahi kutiwa petroli usilitie lehemu kabisa; mvuke wake hulipuka hata kopo likionekana tupu. Lehemu ya kawaida haishiki kwenye alumini.

Dumu la plastiki lililopasuka usihangaike nalo. Gundi nyingi hazishiki kwenye plastiki ile, na ikiwa jua limeifanya iwe kavu, itapasuka pengine kesho. Hamisha mafuta, dumu liwe la kuwekea misumari.

Ukinga ni bora

Tangu siku ile makopo yangu yote hukaa ndani ya sinia kuukuu lenye unga wa msumeno. Likidondoka tone, unga hulinywa. Tambara lenye mafuta ya kitani, wanayopaka maseremala, usilikunje ukaliacha pembeni. Hupata joto lenyewe na kuweza kuwaka. Litandaze nje likauke.

Mafuta machafu usiyamwage mtaroni. Mtaro wetu huishia baharini, na zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya ipo Lamu. Mizizi ya mkoko hupumua juu ya tope. Ikipakwa mafuta, mti husongwa. Sheria ya mazingira ya mwaka 1999 nayo inakataza kuchafua maji. Yakusanye kwenye dumu zima, uliza mafundi wa mashine kabla ya kutupa.

Wazee wetu walivikalafati vyombo kwa pamba, wakavipaka sifa na deheni, vikafika Uarabuni na kurudi bila kujaa maji. Sisi tusishindwe na kopo moja. Kisima chetu kimesafika sasa, lakini bibi jirani bado huitazama ndoo kabla ya kuitua. Nami humtazama yeye.