“Vidonda” visivyo vidonda

Mjini Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu, anayesumbuliwa kwa miezi na kiungulia au tumbo kujaa gesi husema kwa kifupi: “Nina vidonda.” Neno hili limebebeshwa mzigo usio wake. Kidonda ni jeraha. Tumbo linaloshindwa kumeng'enya chakula laweza lisiwe na jeraha lolote.

Lawama huangukia maharage, pilipili na mawazo.

Lakini chanzo chaweza kuwa kingine: mwaka 1984 daktari wa Australia, Barry Marshall, alikunywa bakteria Helicobacter pylori, na ukuta wa tumbo lake ukavimba. Yeye na mwenzake Robin Warren walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Bakteria huyo huleta vidonda, na pia kuvimbiwa kusikoisha pasipo kidonda.

Hugundulika kwa kipimo cha choo, hutibiwa kwa antibiotiki. Msomaji, pima kwanza, jina lifuate.