Edward Lear na Bundi

Kwetu bundi akilia juu ya paa, watu hunyamaza. Ni nani aketiye kumtazama hata amchore? Edward Lear wa London, aliyezaliwa mwaka 1812, aliketi. Baba yake alipoishiwa mali, alilelewa na dada yake Ann, naye ndiye aliyemfundisha kuchora. Alikuwa na kifafa, akakificha. Apata miaka 15 hivi, akaanza kuchora ili ale. Bundi mkubwa katika kitabu cha John Gould cha ndege wa Ulaya (1832–1837) ni kazi yake: alichorwa juu ya jiwe, akapigwa chapa, kisha akapakwa rangi za maji kwa mkono, karatasi moja moja. Sisi tufundishao watoto twatamani wangetazama vile hata kuku tu. Lakini kazi ya manyoya madogo ilimchosha macho, na mwaka 1837 akaenda Roma kuchora milima na mabonde.