Kifundo na Pingili

Mwambie mkulima wa muhogo akuletee pingili. Atakukatia kipande cha shina cha sentimita 20 hadi 30, chenye macho matano au zaidi. Mwambie mwalimu wa biolojia neno hilohilo, naye atakuonyesha sehemu ya shina isiyo na jicho hata moja. Pingili ya mkulima ukiizika ardhini, itachipua. Ya mwalimu itaoza.

Katika elimu ya mimea, kifundo ni pale jani linapoota kwenye shina, na kwenye kwapa la jani hilo ndipo jicho lilipo, yaani chipukizi linalongoja zamu yake. Pingili ni sehemu iliyo kati ya kifundo na kifundo. Kwa maana hiyo kipande cha muhogo cha mkulima kina vifundo kadhaa na pingili kadhaa, na ningependa tukiite kipando, kama maofisa ugani wengi wanavyokiita tayari, ili pingili ibaki na kazi moja. Neno “nodi” badala ya kifundo silioni haja yake. Nacho kinundu tukiachie mizizi ya kunde na maharage, ambako bakteria hukaa ndani ya vijumba na kunasa naitrojeni. Hakihusiani kabisa na kifundo.

Muwa unaonyesha tofauti ya kifundo na pingili vizuri kuliko mmea wowote. Mlaji hutafuna pingili kwa sababu ndiyo yenye maji matamu, na fundo gumu hulitupa. Lakini litazame kabla ya kulitupa: lina kovu la jani, jicho moja, na mkanda wa vidoadoa ambavyo, vikipata unyevu, huwa mizizi. Mmea mzima umo humo. Juu kidogo ya mkanda huo kuna pete nyembamba ya seli changa, na hapo ndipo pingili inaporefukia, kwenye kitako chake. Mahindi nayo yana ukuaji wa namna hiyo. Upepo ukiyalaza yakiwa bado machanga, upande wa chini wa vifundo hukua haraka kuliko wa juu, na shina hujipinda hadi likasimama tena.

Kwa hiyo urefu wa mmea si hesabu ya vifundo tu. Miche ya nyanya iliyobanana kitaluni hurefuka kwa sababu kivuli kimevuta pingili zake, na mkulima mzoefu akiiona tu anajua imekosa mwanga. Mwaka 1926 mtafiti Mjapani Eiichi Kurosawa alionyesha kwamba kuvu fulani wa mpunga hutoa kitu kinachorefusha miche ya mpunga kupita kiasi. Kitu hicho baadaye kiliitwa jiberelini. Kinyume chake, mwaka 1966 nchini Ufilipino ilitolewa IR8, mbegu ya mpunga wenye pingili fupi unaobeba masuke mazito bila kuanguka.

Kwenye mwanzi pingili ni tundu na kifundo ni kiwambo kinachoziba. Wagema wa ulanzi, pombe ya mwanzi, huko Iringa na Njombe wanalijua hilo bila kamusi: mbeta, chombo cha kukingia ulanzi, hukatwa chini kidogo ya kifundo, nacho kikawa kitako chake.

Kuna mimea inayoficha mambo. “Shina” la mgomba tunaloliona ni mikunjo ya vitako vya majani. Shina lenyewe limo udongoni, vifundo vyake vimesongamana, na hupanda juu wakati wa kuchanua tu. Kiazi mviringo nacho ni shina lililonenepa: kila jicho lake ni kifundo, na ukiyafuata kwa kidole utaona yamezunguka kiazi kwa mpangilio, kama majani yanavyozunguka tawi. Kiazi kitamu ni mzizi. Hakina kifundo popote, na kikichipua, machipukizi hutokea bila kufuata mpangilio huo. Vifundo vyake vimo kwenye marando, yale tunayoyakata na kuyafukia kwenye matuta.