Vidonge vya Majira na Moyo wa Mwanamke: Kelele za 1970 Zilizobadili Mambo

Dada wa Lundo, kule kando ya Ziwa Nyasa, akienda kliniki kuchukua vidonge vya majira, kwanza anatakiwa apimwe presha. Wengi huona ni kupotezeana muda. Kumbe nyuma ya kile kipimo kuna stori ndefu!

Kidonge cha kwanza kiliruhusiwa Marekani mwaka 1960, na kilikuwa kikali balaa. Estrojeni yake ya maabara ilikuwa mikrogramu 150; vingi vya leo havizidi 35. Estrojeni hiyo huongeza damu kuganda, na kwa baadhi hupandisha presha. Bonge la damu likiziba mshipa wa moyo, ni shambulio la moyo. Likiziba wa ubongo, kiharusi.

Januari 1970 maseneta wa Marekani wakakaa kujadili usalama wake. Hakuna mtumiaji hata mmoja aliyeitwa kutoa ushahidi! Mabinti wakasimama ukumbini wakipiga kelele kudai majibu. Mwaka huohuo ikaamriwa kila pakiti iwe na karatasi ya tahadhari.

Mwaka 1996 utafiti wa WHO ukaonyesha waliopimwa presha kabla ya kuanza vidonge walikuwa na hatari ndogo ya kiharusi kuliko wasiopimwa.

Kwa hiyo usitupe vidonge kwa uoga; ujauzito wenyewe huongeza damu kuganda zaidi. Ila kama una presha, au unavuta sigara na umepita miaka 35, sema. Sindano ya miezi mitatu na vijiti havina estrojeni.

Dada, wewe ulipimwa?