Mwembe wa Ngagara na Ramani ya OCAF

Anayeandika historia ya bustani za Bujumbura huanzia kwenye ramani za Wabelgiji, na kwa mtaa wa Ngagara njia hiyo ina sababu zake. Ofisi ya Miji ya Waafrika, OCAF, iliundwa mwaka 1952. Ilijenga Bandalungwa na Matete kule Léopoldville, na hapa Bujumbura, wakati huo ikiitwa Usumbura, ikapanga nyumba zake Ngagara, kaskazini mwa mto Ntahangwa, ng'ambo ya mtaa wa Buyenzi. Hadi leo wenyeji huita Ngagara kwa jina hilo la OCAF, na kartie zake huhesabiwa kwa namba. Kwa hiyo wengi hukata kauli kwamba hata kijani cha Ngagara ni kazi ya mpimaji. Sikubaliani nao, na shahidi wangu ni mwembe.

Kuanzia Juni hadi Septemba tambarare ya Imbo, ulipo mji huu, hukauka, nyasi hugeuka rangi ya vumbi, na maua yasiyomwagiliwa hufa. Mwembe haujali: wakati wa kiangazi hutoa vishada vya maua madogo kama punje za mtama, ya manjano yaliyoingiwa na wekundu, nzi wakivizunguka, na embe huja kuiva mvua zikisharudi. Mti huu ulikuwa kando ya Ziwa Tanganyika kabla ya Mbelgiji yeyote kuchora kiwanja. Misafara ya pwani iliupanda njiani kutoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji, na chini ya mwembe wa Ujiji ndipo Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871. Mpango wa OCAF uliukuta mti ambao watu wa ziwa walikwisha kuuzoea.

Utasema: mbona mjakaranda na bogenvilia, ambazo asili yake ni Amerika Kusini, zilifuata njia ya ukoloni? Ni kweli, lakini hata mwembe ni mgeni kutoka Asia, na asili ya mbegu haituambii nani aliyeutunza mti. Ramani hugawa ardhi kwa siku moja. Mwembe uliopandwa kwa kokwa hukaa miaka kadhaa bila tunda, ukimwagiliwa kwa ndoo katika kiangazi cha kwanza na cha pili, mpaka mizizi ishuke. Kazi hiyo haikuwa ya mpimaji. Ilikuwa ya familia zilizokusudia kubaki, na ndizo historia ya bustani ya Ngagara inapaswa kuanza nazo.