Milango Inayofunguka Nje

Ukisoma historia ya usafiri wa magari Marekani, Memphis utakutana nayo mapema, kwa sababu ndipo Kemmons Wilson alipofungua Holiday Inn ya kwanza mwaka 1952. Mimi navutiwa zaidi na hoteli ndogo ya mji huohuo, Mtaa wa Mulberry, si mbali na stesheni ya reli. Ilijengwa miaka ya 1920 kwa ajili ya Wazungu, ikiitwa Windsor. Mwaka 1945 Walter na Loree Bailey, mume na mke Weusi, waliinunua, wakaiita Lorraine.

Kwa Mmarekani Mweusi gari lilikuwa uhuru nusu. Ndani yake hakuna wa kukuamuru ukae nyuma, ila giza likiingia na kila moteli ikakukatalia, unalala humohumo kando ya barabara. Ndiyo maana Victor Hugo Green, tarishi wa Harlem, alianza mwaka 1936 kuchapisha Green Book, mwongozo wa mahali ambapo msafiri Mweusi angepokelewa. Lorraine ilikuwamo.

Akina Bailey waliona mgeni wao haji tena kwa treni. Wakaongeza ghorofa, kisha vyumba vya mtindo wa moteli: hakuna korido ya ndani, milango inafunguka nje, juu ya maegesho. Unashuka ngazi, unafungua buti. Wanamuziki walipapenda, Wilson Pickett na Steve Cropper walitungia hapo "In the Midnight Hour".

Sasa fikiria ramani hiyo ya jengo. Tarehe 4 Aprili 1968, saa kumi na mbili jioni, Martin Luther King Jr. alitoka chumba namba 306. Katika hoteli ya zamani angetokea kwenye korido. Hapa alitokea roshani, akawa anazungumza na wenzake waliomsubiri chini, kwenye magari, waende kula. Risasi ilitoka gesti ya ng'ambo ya mtaa. (Roshani haikuua mtu, aliyeua alikuwa na bunduki.) Loree alipata kiharusi usiku ule, akafariki siku King alipozikwa.

Biashara nayo ilikuwa imeanza kubanwa: sheria ya 1964, ambayo King aliipigania, iliwafungulia wateja wa Lorraine milango ya Holiday Inn. Walter aliendelea kupangisha vyumba vingine, lakini 306 hakukipangisha tena. Tangu 1991 jengo ni makumbusho ya haki za kiraia. Chini ya roshani yameegeshwa magari mawili ya zamani.